Mtu Wangu Aliyefika Muhoroni

Jumanne nilishuka Kibos, naapa.
Viatu vyangu vina tope la Kibos,
lile jeusi, linalomvua mtu kiatu bila kumwomba.
Mke wangu aliniona. Mbwa wa Mzee Onditi alinibwekea
kama kawaida yake, kutoka langoni hadi mlangoni.
Lakini kadi inasema sikushuka.

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya stesheni.
Kisomaji kimoja kimevishwa mfuko wa mkate,
kingine kina foleni, na mbele kabisa mama mmoja
na katoni ya vifaranga, anatafuta kadi kifuani, mfukoni, kifuani tena.
Mimi kwapani nina sare kumi na nne za shule,
rinda zake nimezipiga pasi mchana kutwa.
Nikapenya ubavuni mwa lango, pale waya uling'olewa,
nikakimbia.
Sikugusisha.

Basi treni ikaondoka na mimi.

Asubuhi lango likalia kama paka aliyekanyagwa mkia.
Salio: shilingi nne.
Dirishani, Everlyne Adongo hakuinua macho.
"Mfumo unaonyesha bado uko ndani."
Ndani ya nini, dada? Si mimi huyu niko nje, nanyeshewa?
"Usipogusisha kushuka, unahesabiwa umefika mwisho.
Mwisho ni Muhoroni. Mia moja na ishirini."

Nauli yangu ni thelathini.
Tisini iliyobaki ni zipu mbili na sindano za cherehani.

Mimi ni fundi wa nguo pale Kibuye, kazi yangu kupima watu:
kiuno, bega, mkono wa mtoto
utakaorefuka kabla muhula haujaisha.
Najua hata futi hudanganya ukiivuta.
Lakini sijawahi kumpa mteja suruali ya mtu mwingine
nikamwambia, vaa, huyu ndiye wewe.

Niliongeza pesa, nikapanda, nikakaa dirishani na hasira zangu.
Siku mbili nilikaa nazo.
Kisha, sijui vipi, nikaanza kumwaza yule mwenzangu
aliyebaki kitini Jumanne jioni,
koti langu, sare zangu mapajani, kavu.

Akapita Miwani, ya miwa, si ya kuvaa puani,
ambako bomba la kiwanda halitoi hata mvuke wa chai
na jina la baba limo katika daftari la mishahara
linalosomwa na panya.
Kibigori wakashuka walimu wawili na baiskeli.
Chemelil harufu ya molasi ikapanda bila kadi,
ikajaza behewa, hakuna aliyeitoza.
Hakuwa na haraka, mwenzangu huyo.
Hakuna aliyempigia simu kuuliza sketi.
Akafika mwisho wa reli, taa zikazimwa, akasimama pale.

Muhoroni yuko dada yangu, Risper.
Sijakanyaga kwake tangu matanga ya mama,
tulipogombania cherehani ya mguu
mbele ya wageni, chai ikipoa.
Niliibeba mimi. Ndiyo hii ninayoshonea.
Kila nikikanyaga pedali husikia inamtaja.
Uongo. Husikia mnyororo unaotaka mafuta.
Lakini sijautia mafuta, miaka sita sasa.

Ijumaa usiku nikampigia, nikajifanya nacheka:
eti mashine inasema nilifika kwenu Jumanne.

Akanyamaza.
Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria,
mara moja, mara ya pili.
"Kumbe ulifika," akasema.
"Sasa mbona hukupiga hodi?"

Tisini yangu nitaidai Jumatatu,
Everlyne ajiandae.
Kesho ni Jumamosi.